Majibu kwa Lugwisha kuhusu Gongo

Lugwisha, nimelicheza gemu lako siku tatu
hapa dukani Makoroboi, katikati ya simu za watu
zilizopasuliwa matumbo zikingoja vioo.
Nimekufa mara kumi na nne.
Mara mbili mamba, mara moja njaa,
zilizobaki zote ni baridi ya ziwa
kwenye kile kisiwa chako cha mawe
ambacho, usinidanganye, umekiiba Saanane.

Mawe safi. Mvua safi.
Hata wale wadudu wanaopaa majini kama moshi wa mkaa
umewapatia.
Ila umeniuliza kuhusu chupa ya gongo,
ile mchezaji anayoiokota kwenye mtumbwi uliopasuka,
kama ulevi wake ni wa kweli.
Umeniuliza mimi. Nashukuru kwa heshima.

Basi sikiliza.
Mtu wako akinywa, skrini inayumba,
kushoto kunakuwa kulia, sauti inavutika kama mlenda,
sekunde tisini, kwisha,
amepona, anachanja kuni.
Huo si ulevi. Hiyo ni malaria.
Mlevi haoni dunia ikiyumba;
anayeiona ikiyumba ni yule aliyemshika mkono.
Yeye anaiona imenyooka,
mara ya kwanza tangu Januari imenyooka
kama barabara ya uwanja wa ndege.
Kwa hiyo usiyumbishe kitu.
Ng'ambo isogeze karibu.
Zile mita mia sita za maji zionekane
kama kutoka kitandani hadi mlangoni.
Mamba wapunguze ukubwa.

Na ule mstari mwekundu wa joto
unaopanda kila anapomeza:
uache upande. Ila udanganye.
Ujae hadi ukingoni, ung'ae,
huku chini, pasipoonekana, mwili unavuja
kama debe lenye tundu.
Afe akiwa amevua koti.
Afe skrini ikimwambia joto linatosha.
Watalalamika kwamba gemu ni bovu.
Waache. Mimi nililalamika kwa nani?

Kuhifadhi nako kuna kasoro.
Kila kosa mruhusu arudi nyuma, isipokuwa hili.
Funda la tatu likishuka, mashine ijihifadhi yenyewe, kimya,
na akiamka akute usiku mzima haupo,
begi limefunguliwa na kufungwa tena vizuri,
na ndani kuna kitu asichokikumbuka.

Nasema hivi kwa sababu mwaka ule wa viroba
niliamka juu ya mawe ya Kitangiri
nina kiatu kimoja,
kamba zake zimefungwa fundo maridadi la mtu mwenye akili timamu.
Cha pili, hadi leo.
Simu, hakuna. Mshahara, hakuna.
Na juu yangu kanga.
Si ya mama. Si ya Kabula; nilimuuliza,
akacheka kicheko ambacho sikukipenda.
Kanga kuukuu, inanuka dagaa,
pindo limechanika, jina limeliwa,
limebaki neno moja: LAKINI.
Nilizunguka nayo mwaloni Kirumba wiki nzima
nikiwaonyesha wauzaji kama polisi mwenye picha ya mwizi.
Hakuna aliyeidai.
Mmoja aliniambia, ifue kwanza.

Hiyo iweke, Lugwisha.
Asubuhi, chupa ikiwa tupu, mtilie kanga begini.
Isizuie baridi. Isiuzwe, isiwake moto,
isifunge hata kidonda.
Ichukue nafasi mbili, zile za chakula.
Akitaka kuitupa, aitupe, hakuna adhabu,
nitakuwa na hamu ya kujua wangapi wataitupa.
Lakini mwenyewe asitokee popote, hata mwisho wa gemu.
Hata wewe uliyelitunga usimjue.

Malipo ni yale tuliyopatana, na soda.
Kingine: baridi ya kisiwani iongeze.
Saa tisa usiku, juu ya jiwe,
huwa ni kali kuliko hivyo.